Faluda na Kasha la Mchuuzi wa Samaki

Miongoni mwa ada ambazo watu wa mwambao huu, tangu Mtwapa hadi Kilifi na Kibarani, na tangu Watamu hadi Malindi na Mambrui, wamezishika kwa nguvu kuliko nyingi walizoachiwa na wazee wao, ni ile ya kutokwenda kwa jamaa wa mbali mikono mitupu. Na kwa kuwa jamaa hao siku hizi wametawanyika Nairobi, Nakuru na Eldoret, ambako mapishi ya pwani yapo lakini, kwa madai yao wenyewe, hayapati ladha ya nyumbani, mzigo unaotazamiwa na wenyeji si kanga wala marashi bali ni kitu kitamu kilichotoka katika jiko la mtu wanayemjua. Zamani haja hiyo ilikidhiwa kwa halua, visheti na kashata, na msafiri hakuwa na wasiwasi ila wa sisimizi. Leo friji imeingia katika nyumba nyingi, na pamoja nayo zimeingia faluda, pudini, keki za krimu, na zile barafu za ukwaju, ubuyu na maembe ambazo watoto waliohamia bara huzililia. Na vitu hivi, ambavyo havina shida yoyote maadamu viko hatua kumi kutoka jikoni, ndivyo vinavyoagizwa kwa simu na watu walio mwendo wa usiku kucha.

Rai yangu katika jambo hili ni moja, na najua haitawapendeza wote. Maarifa ya kusafirisha kitu cha baridi katika nchi ya joto tunayo hapa hapa, tena yamekamilika, yakiwa mikononi mwa watu ambao wapishi wetu wa vitamu hawajapata kuwauliza neno, nao ni wachuuzi wa samaki. Hawaulizwi kwa sababu wananuka shombo. Mwanamke mwenye sifa ya faluda mtaani, ambaye sinia yake haikosi katika arusi yoyote ya maana, ataona ni kujishusha kusimama bandarini penye matumbo ya samaki na kumsikiliza kijana asiye na viatu akieleza namna ya kupanga barafu. Na kibri hicho, kilichofichwa ndani ya usafi, ndicho kinachomwagisha faluda nyingi huko Nairobi kuliko jua la Kaskazi.

Kwanza tuwape haki yao wazee wetu, kwani hawakuchagua halua kwa bahati. Halua hupikwa kwa moto wa muda mrefu, ikikorogwa pasi na kupumzika, hata maji yaliyomo yakapungua na yaliyosalia yakafungwa na sukari nyingi kiasi cha kwamba vijidudu vya uharibifu havipati unyevu wa kuishi; na samli iliyomo, ikiwa imekwisha kutolewa maji na maziwa, haina haraka ya kuharibika. Kashata ya nazi au ya njugu ni kanuni hiyo hiyo kwa ufupi, na visheti vilivyokaangwa vikakauka kisha vikavikwa shira iliyoganda ni hiyo hiyo kwa namna nyingine, wala mabuyu yaliyopakwa sukari na rangi hayahitaji maelezo. Hivi ni vitamu vya watu waliosafiri kwa jahazi na kwa miguu, wakijua kwamba zawadi hupimwa inapofika. (Malindi ina historia katika mambo haya: twiga aliyepelekwa kwa mfalme wa China akafika mwaka 1415 huenda ndiye zawadi ngumu kusafirishwa kuliko zote zilizopata kutoka pwani hii, lakini angalau yeye alikuwa hai na akila majani njiani.) Kwa hiyo mtu akisema, kama wengi wasemavyo, kwamba asiyetaka mashaka na achukue halua, amesema kweli; ila amekimbia swali. Aliyeagizwa faluda hakuagizwa halua.

Faluda yetu, ile ya maziwa na iliki inayogandishwa kwa chinagrasi katika sinia na kukatwa vipande vya kijiwembe, ina hila ambayo inafaa ijulikane kabla ya safari. Chinagrasi hutokana na mwani, na ndiyo maana hapa imependelewa kuliko jelatini, ambayo mtu hana hakika imetoka katika mnyama gani. Lakini iko tofauti nyingine, nayo ni kwamba jelatini huanza kulegea katika joto la mchana wa kawaida, ilhali chinagrasi ikisha kuganda haiyeyuki tena mpaka ikaribie nyuzi 85. Muradi wake ni nini? Ni kwamba faluda inaweza kukaa saa kumi katika buti la basi, ikapita Voi na Mtito Andei, ikafika imesimama wima, kingo zake zimenyooka kama ilivyokatwa, na huku maziwa yaliyomo yamekwisha haribika zamani. Pudini ya jelatini ikishindwa hukiri mbele ya watu kwa kumwagika, faluda huficha. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake tano za usalama wa chakula ambazo nakala yake hubandikwa katika kuta za zahanati nyingi, linaagiza chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la nje zaidi ya saa mbili na kihifadhiwe chini ya nyuzi 5. Na kanuni hiyo haikuweka mlango wa pembeni kwa ajili ya iliki na waridi. Kitu chenye tui ni kibaya zaidi, kwani tui huchacha upesi kuliko maziwa yaliyochemshwa, na mkate wa kumimina uliobaki toka asubuhi, kila mtu wa pwani anajua harufu yake jioni. Mimi huo singeushauri usafiri kabisa, hata ndani ya kasha.

Safari yenyewe imepungua urefu, ingawa si katika maili. Waliozaliwa baada ya mwaka 1991, daraja la Kilifi lilipofunguliwa, hawakuonja yale mangojeo ya feri pale Mnarani, magari yamepangana juani, wauza korosho wakipita madirishani, na msafiri hana la kufanya ila kutazama maji ya hori na kuhesabu; na wazee wao walikumbuka kivuko cha Mtwapa kilichovutwa kwa minyororo na watu waliokuwa wakiimba. Siku hizo nani angebeba aiskrimu? Leo Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi, na kutoka Mombasa hadi Nairobi yapata 480, na basi linaloondoka magharibi hufika alfajiri. Saa kumi au kumi na mbili si muda wa kutisha. Mchuuzi wa samaki huzihesabu kuwa safari fupi.

Mtazame basi anavyofanya, awe wa Watamu au wa Ngomeni, anapofunga nguru na kamba wa kupelekwa mbali. Hatii samaki wenye joto ndani ya kasha, kwani anajua barafu yake itatumika kupoza badala ya kuhifadhi. Kasha lenyewe hulipoza kwanza, akatandika barafu chini, akapanga samaki safu moja, akatia barafu tena, safu juu ya safu, na juu ya yote akamaliza kwa barafu nyingi zaidi kuliko ya chini, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na hushuka, na barafu iliyowekwa chini peke yake huwapoza wa chini ikawaacha wa juu. Hakubali nafasi tupu. Pembe iliyosalia huijaza. Barafu yake haina ubahili: katika nchi za joto mafundi wa uvuvi wanashauri kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na yeye, asiyepata kusoma shauri hilo, hulitenda kwa kukadiria kwa jicho. Kisha hufunika, hufunga kwa kamba, na tangu hapo mpaka sokoni halifungui, hata utingo akimwomba, hata askari akiwa na hamu ya kuchungulia.

Sasa mtazame mpishi wetu. Faluda imetoka kuganda saa ya adhuhuri, bado ina uvuguvugu katikati. Imetiwa katika kasha jipya la bei ghali, lililokuwa limeanikwa uani likapata joto la jua. Chini pamewekwa vipande viwili vya barafu vilivyofungwa kwa kitambaa. Juu pana nafasi ya shibiri nzima iliyojaa hewa. Na njiani, katika kila kituo, kifuniko hufunguliwa ili kuhakikisha mambo ni salama, yaani joto likaribishwe. Halafu hulaumiwa kasha.

Ni vema ifahamike kwamba kasha, hata liwe zuri namna gani, halitengenezi baridi, linachelewesha joto tu. Kazi yote hufanywa na barafu inapoyeyuka. Kilo moja ya barafu, katika kule kuyeyuka kwake tu na kabla haijapanda hata nyuzi moja juu ya sifuri, humeza joto ambalo lingetosha kuyapandisha maji ya uzito huo huo kutoka sifuri hadi karibu nyuzi 80. Hiyo ndiyo akiba ya msafiri, na yafaa aitumie kwa ajili ya njia, wala asiitumie kwa kupoza sinia ambalo friji ya nyumbani ingelipoza bure usiku uliotangulia. Pande kubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo, kwa sababu uso wake ulio wazi ni mdogo kwa uzito wake. Na hapa sheria ya nchi, ambayo wengi waliinung'unikia, imetufaa bila kukusudia: tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya kwa adhabu inayofika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4, wauza barafu za mifuko walipata taabu kubwa, lakini wasafiri walilazimika kuacha kubeba barafu katika mifuko inayovuja wakaanza kugandisha maji katika chupa. Chupa iliyogandishwa huyeyukia ndani yake, hailowanishi mzigo wa mtu, na ikifika imekuwa maji baridi ya kunywa. Sijui shauri bora zaidi kuliko hili kwa bei ya bure.

Kuhusu kasha lenyewe, watu hutumia fedha nyingi mno. Mwaka 1833 mfanyabiashara wa Boston, Frederic Tudor, alipeleka barafu iliyokatwa katika maziwa ya huko Marekani mpaka Calcutta, safari ya miezi minne iliyovuka ikweta mara mbili, na katika tani 180 zilizopakiwa ziliwasili kiasi cha 100. Kilichozihifadhi kilikuwa mbao na unga wa mbao. Kabla yake sana, masultani wa Kimamluki wa Misri waliletewa theluji kutoka milima ya Sham kwa ngamia na kwa majahazi, wala hapakuwa na kiwanda cha makasha Damascus. Siri ni hewa iliyonaswa katika vitundu vidogo vidogo isiweze kutembea, na sisi tunaishi juu ya malighafi yake: makumbi ya nazi, yaliyofumuliwa na kukaushwa vizuri, yakijazwa kati ya sanduku la nje na sufuria ya ndani kwa unene wa kiganja, hufanya kazi ambayo si haba hata kidogo mbele ya yale masanduku meupe mepesi ya dukani. Sharti lake ni moja, yakae makavu, kwani kumbi lililolowa hupitisha joto. Makumbi hayo huchomwa moto kila siku Kilifi nzima.

Barafu za ukwaju na ubuyu zina mambo yake, na hapa ndipo wengi hushindwa hata wakiwa wamefuata yote niliyoeleza. Sukari huyazuia maji yasigande pale yanapogandia kwa kawaida. Sharubati yenye sehemu 15 za sukari katika 100 huanza kuganda kiasi cha nyuzi 1 chini ya sifuri, na kadiri maji yake yanavyogeuka barafu, ndivyo sharubati iliyosalia katikati inavyozidi utamu na kuzidi kukaidi, hata baridi ishuke nyuzi nyingi zaidi ndipo kitu chote kiwe kigumu. Barafu ya maji matupu inapoyeyuka hukaa kwenye sifuri, haishuki. Basi mtu anayezungusha chupa za maji yaliyoganda kando ya barafu za ukwaju, akatazamia zifike ngumu Nairobi, anataka kukipoza kitu kwa kitu kilicho na joto kuliko hicho. Hata aongeze chupa mia, atafika na sharubati.

Dawa ni chumvi, nayo, kwa rehema ya Mola, haijatuhama. Chumvi ya chenga kubwa inayovunwa Gongoni na Marereni, katika yale mabwawa ambayo maji ya bahari huachwa yakauke juani, ikichanganywa na barafu iliyopondwa kwa kadiri ya sehemu moja ya chumvi kwa tatu za barafu, huilazimisha barafu iyeyuke hali ya kuwa chini ya sifuri, na mchanganyiko ukiwa sawasawa baridi yake huweza kufikia nyuzi 21 chini. Ndiyo kanuni iliyokuwa ndani ya ile ndoo ya aiskrimu ya kuzungushwa kwa mkono, ambayo Nancy Johnson wa Philadelphia aliipatia hataza mwaka 1843, na ambayo ilienea duniani kabla ya umeme kufika majumbani. Na Wataliano waliohamia Malindi, tangu miaka ile ya 1960 mradi wao wa San Marco ulipoanza kurusha roketi pale Ngomeni, wanatoka katika nchi iliyojua hila hiyo ya chumvi kwa karne nyingi. Mwenye kutaka kuitumia safarini atie barafu zake za ukwaju katika mkebe wa bati wenye kifuniko kinachobana, mkebe auzike katika barafu na chumvi, na kasha liwe halivuji hata tone, kwani maji ya chumvi yakilifikia sanduku la jirani hapatakuwa na suluhu mpaka kituoni. Ajue pia kwamba barafu yenye chumvi hukwisha upesi zaidi, na kwa hiyo achukue nyingi kuliko anavyodhani. Faluda isitiwe humo. Itaganda kama jiwe na ikiyeyuka itatoa maji.

Wako wanaofunika kasha kwa gunia lililoloweshwa, wakiiga mtungi wa bibi uliopoza maji barazani. Hila hii ni ya kweli lakini ina mahali pake. Maji yanapokauka juu ya gunia huondoka na joto, na hayakauki vizuri katika hewa ya pwani, ambayo yenyewe imekwisha shiba unyevu. Ukisha kupita Mariakani na kuingia nyika ya Taru, Mackinnon Road mpaka Voi, hewa huwa kavu na gunia likaanza kufaa. Hilo ni la mwenye gari lake, anayeweza kusimama Mtito Andei akalimwagia maji tena. Katika buti la basi hakuna upepo, na gunia lililolowa huko ni uchafu tu. Wanaokwenda Lamu kwa Maulidi katika Mfungo Sita, kwa njia ya Garsen na Witu hadi Mokowe, wana hesabu nyingine: njia ni fupi, lakini tangu mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014 magari yamezoea kusubiriana yaongozane na askari, na saa moja ya kusimama juani hula barafu kuliko saa mbili za mwendo, kisha kuna mashua. Wao na wachukue halua, wasione haya.

Nina neno na wenye mabasi. Utingo anayekataa kasha linalotiririka maji hana kosa, maana nguo za abiria mwingine zina haki yake. Lakini anayelipokea, akalitoza nauli yake ya mzigo, kisha akalisukuma nyuma kabisa karibu na injini kwa kuwa ni zito, huyo ameuza huduma asiyoitoa. Sehemu ya buti iliyo mbali na injini ingetengwa kwa mizigo ya baridi, na ikatozwa ziada, wachuuzi wa samaki wangelipa kwa furaha na wapishi wa vitamu pia, na labda kwa kukaa pamoja katika foleni ya mizigo wangeanza kuzungumza. Treni ya SGR, iliyoanza mwaka 2017, hufika Nairobi kwa saa tano au sita, na kwa hilo ingekuwa bora kwa faluda. Ila mtu wa Malindi lazima kwanza afike Miritini, na pale mizigo hupangwa chini ili mbwa waipitie kwa pua, ambapo mwenye kasha lililozungushiwa chumvi, barafu na makumbi ajiandae kueleza kwa utulivu.

Yaliyosalia ni ya mpokeaji. Faluda ikifika, iingie frijini kabla ya salamu kukamilika, na ionjwe na mtu mzima kabla ya mtoto, kwa sababu niliyokwisha itaja, kwamba umbo lake si ushahidi. Barafu ya ukwaju isiyo na maziwa, ikiwa imelegea, yaweza kugandishwa tena bila dhara, ingawa itakuwa na chembe kubwa za barafu na utamu wake utakuwa umeshuka chini. Lakini iliyo na maziwa, ikiwa imeyeyuka ikapata joto, haina dawa, na aliyeletewa asione haya kuimwaga mbele ya aliyeileta.